Kusoma msuli wa mifupa chini ya hadubini: anza na bendi A

#1 nusu_mikroni

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni kwa wanafunzi wa udaktari, maabara na mifugo, pamoja na walimu wa baiolojia. Wengi wakikutana na picha ya msuli hukimbilia kukariri herufi A, I, H, M na Z za bendi na mistari yake, kisha mtihani ukibadilisha picha kidogo tu wanapotea. Shida ni kwamba hawajaambiwa kipi hubadilika msuli unapojikunja na kipi hubaki vilevile. Bendi A ndiyo haibadiliki. Ukiishika hiyo, zilizobaki unazipigia hesabu.

Tutoke nje kwenda ndani. Msuli mzima umevikwa epimisiamu. Ndani yake kuna mafungu, kila fungu limevikwa perimisiamu, na ndani ya fungu kila uzi wa msuli una endomisiamu yake. Uzi mmoja ni seli moja. Kipenyo chake ni mikromita 10 hadi 100, na katika misuli mirefu ya paja urefu unaweza kufika sentimita 30. Ina viini vingi kwa sababu ilitokana na mioblasti (seli changa za msuli) nyingi zilizoungana, na viini hivyo hukaa pembezoni, chini kabisa ya sakolema (utando wa seli ya msuli).

Sehemu kubwa ya ndani ya seli imejaa miofibrili (nyuzinyuzi zinazofanya kazi ya kujikunja), zenye kipenyo cha mikromita 1 hadi 2, mamia mpaka maelfu katika uzi mmoja. Kila miofibrili ni sakomia zilizopangana kichwa kwa mkia, na sakomia moja huanzia diski Z hadi diski Z inayofuata.

Ndani ya sakomia kuna aina mbili za filamenti:

- Filamenti nene, za miosini. Urefu ni mikromita 1.6, unene nanomita 15 hivi, na kila moja ina molekuli za miosini zipatazo 300. Vichwa vya miosini vimetazama nje kuelekea pande zote mbili za Z, ila katikati pana sehemu tupu isiyo na vichwa.
- Filamenti nyembamba, za aktini, unene nanomita 7 hadi 8, zimeshikwa kwenye diski Z na alfa-aktinini. Kwa chura urefu wake ni mikromita 1.0 hivi kila upande. Kwa binadamu ni karibu 1.27.

Bendi A ni urefu wa filamenti nene, basi: 1.6. Bendi I ni pale penye filamenti nyembamba peke yake. Bendi H ni katikati ya A, ambapo nyembamba hazijafika. Mstari M ni viunganishi vya katikati, miomesini na wenzake, vinavyozishika filamenti nene zisiyumbe.

Hesabu (zote kwa mikromita):

I (nusu zake mbili kwa pamoja) = sakomia − 1.6
H = sakomia − (2 × urefu wa filamenti nyembamba)

Chura mwenye sakomia ya 2.2: I ni 0.6, H ni 0.2. Sakomia ikishuka hadi 2.0, I inakuwa 0.4 na H inakwisha. Bendi A bado 1.6. Ni kama droo inavyoingia kabatini: nafasi ya nje inapungua lakini hakuna ubao uliofupika. Hilo ndilo lililoandikwa Mei 1954 katika jarida la Nature, kwa makala mbili zilizotoka pamoja, moja ya A. F. Huxley na Niedergerke, nyingine ya H. E. Huxley na Jean Hanson. Hao Huxley wawili hawakuwa ndugu, na kila mmoja alifanya kazi kivyake.

Karibuni tuongeze na kusahihishana.

---

#2 mwl_baiolojia

Asante mkuu, hapo kwenye tofauti ya chura na binadamu umetusaidia sana. Wanafunzi wanapewa grafu ya nguvu dhidi ya urefu wa sakomia, ile ya Gordon, Huxley na Julian ya 1966, halafu wanaambiwa "huu ndio msuli". Grafu ile ni ya chura. Kilele chake kiko kati ya 2.0 na 2.2, na nguvu inafika sifuri karibu na 3.65 kwa sababu hapo filamenti zimeachana kabisa (1.6 + 1.0 + 1.0, na unene kidogo wa Z).

Kwa binadamu filamenti nyembamba ni ndefu, kwa hiyo kilele kinasogea kulia, kwenye 2.6 hadi 2.8. Ukitumia fomula ya mkuu hapo juu, H ya binadamu inafutika sakomia ikiwa 2.54. Kwa maana hiyo, picha ya msuli wa binadamu yenye sakomia ya 2.3 na isiyo na H haina kasoro yoyote. Nimeona watu wakiandika "H haionekani, ubora wa picha ni duni".

---

#3 Kioo_na_Rangi

Niongeze upande wa vipimo, maana hapo ndipo namba zinapoharibika.

Kwenye picha ya hadubini ya elektroni, chukua ukuzaji na rula. Picha iliyokuzwa mara 20,000 ikiwa na bendi A ya milimita 32, gawanya: 32 ÷ 20,000 ni milimita 0.0016, yaani mikromita 1.6. Safi. Lakini mara nyingi utapata pungufu ya hapo, kwa sababu kipande hukauka na kusinyaa kinapopitishwa kwenye alkoholi na kugandishwa kwenye rezini. Usiiandike namba hiyo kama ilivyo. Tumia bendi A kama rula iliyo ndani ya kipande chenyewe.

Mfano: umepima A ukapata 1.44 na sakomia 2.16. Kusinyaa ni 1.44 ÷ 1.60 = 0.90. Sakomia halisi ni 2.16 ÷ 0.90 = 2.40. Bila marekebisho hayo utasema msuli ulikuwa umejikunja, kumbe ulikuwa umetulia.

Na kingine: hakikisha mkato umepita sawasawa na urefu wa uzi. Mkato wa mshazari hurefusha bendi zote kwa pamoja. Dalili yake ni diski Z kuonekana pana na yenye ukungu, na filamenti kukatika njiani badala ya kufuatika kutoka Z hadi M.

---

#4 mwanafunzi_mwaka2

Habari wakuu. Nina swali la msingi. Kwenye slaidi zetu zenye rangi za himatoksilini na eosini naona nyuzi za waridi na viini vya zambarau pembeni, lakini ile mistari mikingamo siioni. Je, ni slaidi au ni hadubini?

---

#5 Kioo_na_Rangi

Inaweza kuwa vyote viwili, fuata mpangilio huu.

Kwanza tafuta sehemu ambayo nyuzi zimelala kwa urefu. Kwenye mkato wa kukingama uzi unaonekana kama duara lenye pembepembe, na hapo hutaona mistari hata ukae mpaka kesho. Anza na lenzi ya 10, uipate sehemu, kisha nenda 40.

Pili, funga kiwambo cha kondensa. Hili ndilo kosa namba moja. Mwanga ukiwa mwingi na kiwambo kiko wazi, tofauti kati ya bendi A na I inamezwa. Kifunge taratibu huku unatazama, mpaka mistari itokee, halafu ishia hapo. Ukizidisha, kila kitu kinapata kivuli cha uongo.

Tatu, cheza na skrubu ndogo ya kulenga. Mkato wa mikromita 5 una miofibrili kadhaa zilizopandana na mistari yake haiwi sawa kwa kina chote.

Ukifika lenzi ya 100 na mafuta utaona A yenye giza na I nyeupe, na kama bahati ipo, Z kama uzi mwembamba katikati ya I. Usitegemee zaidi ya hapo. Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko mikromita 0.2, kwa hiyo filamenti moja moja huwezi kuziona hata kwa lenzi ya gharama gani.

Kama maabara yenu inaweza, ombeni slaidi iliyotiwa himatoksilini ya asidi ya fosfotangstiki. Mistari inatoka wazi kuliko kwenye eosini. Himatoksilini ya chuma nayo ni nzuri.

---

#6 mwl_baiolojia

Shule zisizo na slaidi za kununua zinaweza kutumia nyama ya buchani. Kipande chekundu cha mbuzi au ng'ombe kisicho na mafuta. Chota kiasi cha nusu punje ya mchele, weka kwenye tone la maji ya chumvi ya asilimia 0.9 (gramu 9 kwa lita), na kwa sindano mbili chambua kwa kufuata urefu wa nyuzi mpaka upate nyuzi zinazoonekana kama unywele. Usipondeponde. Tone la methilini bluu, dakika moja au mbili, nyonya rangi iliyozidi kwa karatasi, funika.

Maji matupu ya bomba yanavimbisha nyuzi na mistari inafifia, ndiyo maana ya chumvi.

Nyama iliyochemshwa muda mrefu inachambulika kirahisi zaidi kwa sababu kolajeni ya endomisiamu na perimisiamu imegeuka jelatini, nyuzi zinaachana zenyewe. Mistari bado huonekana. Ila usipime urefu wa sakomia humo, joto limeshaikunja.

---

#7 polaraizi

Jambo linalochanganya watu: kwa hadubini ya kawaida na rangi, bendi A ni nyeusi na I ni nyeupe. Kwa hadubini ya mwanga wa polaraizi, vichujio vikiwa vimekingamana, ni kinyume: A inang'aa na I ina giza. Filamenti nene zilizopangwa sambamba zinaupinda mwanga katika pande mbili tofauti. Aktini nazo zinafanya hivyo, lakini kidogo mno.

Kwa hiyo ukipewa picha, uliza kwanza imepigwa kwa njia gani. Kama huna wa kumuuliza, tafuta Z: iko katikati ya I siku zote, rangi iwe yoyote.

Na kwa wenye kalamu ya leza nyekundu (nanomita 650): msuli wenyewe, kwa mistari yake, hutawanya mwanga. Chukua fungu jembamba la nyuzi, chini ya milimita 1, lilaze kwenye kioo chenye maji ya chumvi, piga leza kwa wima, weka karatasi nyeupe sentimita 10 kutoka kwenye msuli. Utaona doa la katikati na mstari pande zote mbili, kwa mwelekeo wa urefu wa nyuzi. Sakomia = 650 ÷ sini ya pembe, jibu likiwa kwa nanomita (gawanya kwa 1,000 upate mikromita). Kwa umbali huo wa sentimita 10:

- mstari ukiwa sm 3.4 kutoka katikati, sakomia ni 2.0
- sm 2.7, ni 2.5
- sm 2.2, ni 3.0

Vuta fungu polepole na mistari inasogea kuelekea katikati. Hakuna somo linalomwonyesha mwanafunzi kwamba sakomia ni kitu halisi kuliko hilo. Fungu likiwa nene utapata ukungu tu bila mstari. Na leza isitazamwe na jicho, hata iliyoakisiwa na kioo.

---

#8 nusu_mikroni

Mkuu #7, hilo la leza ni zuri mno, nitaliweka kwenye mwongozo.

Turudi kwenye mfumo wa utando maana nao una mtego wake. Sakolema inaingia ndani ya seli kwa mirija myembamba, tubuli T. Kila tubuli imekumbatiwa na mifuko miwili ya mwisho ya retikulamu ya sakoplazimu (ghala la kalsiamu la seli), moja kila upande. Vitatu hivyo kwa pamoja ndiyo triadi.

Triadi iko wapi? Kwa mamalia, msuli wa mifupa una triadi kwenye mpaka wa bendi A na I, kwa hiyo mbili kwa kila sakomia. Kwa chura, triadi iko kwenye Z, moja kwa sakomia. Msuli wa moyo wa mamalia nao una tubuli T kwenye Z, pana zaidi, na mara nyingi mfuko ni mmoja tu, yaani diadi. Michoro mingi ukutani imechanganya hayo matatu.

Nafasi kati ya tubuli na mfuko ni kama nanomita 12. Upande wa tubuli kuna kipokezi cha dihaidropiridini, upande wa mfuko kuna kipokezi cha rayanodini namba 1. Katika msuli wa mifupa hivi viwili vinagusana: umeme ukipita, cha kwanza kinabadili umbo na kukifungua cha pili moja kwa moja. Kalsiamu ya kutoka nje ya seli haihitajiki kwa hatua hiyo. Kwenye moyo inahitajika.

Kalsiamu ikitoka inajishika kwenye troponini C, tropomiosini inasogea (zote mbili ni protini zilizolala kwenye filamenti nyembamba), na vichwa vya miosini vinapata pa kushika aktini. Molekuli moja ya tropomiosini inafunika aktini 7, na kila moja ina troponini yake. Kisha pampu za retikulamu zinairudisha kalsiamu ndani, kwa gharama ya ATP (nishati ya seli). Hapa watu husahau: ATP inahitajika pia kuachia. Kichwa cha miosini kisipopata ATP mpya hakibanduki.

---

#9 ganzi_salama

Na triadi ikiwa na hitilafu, inaonekana chumba cha upasuaji. Mabadiliko kwenye jeni la kipokezi hicho cha rayanodini ndiyo chanzo kikubwa cha homa kali ya ganzi. Mgonjwa akipewa halotheni, isoflureni, sevoflureni au suksamethoniamu, mlango wa kalsiamu unabaki wazi. Nyuzi zinajikunja bila kuachia, pampu zinakula ATP bila kikomo, kabonidayoksaidi anayoitoa inapanda, misuli inakakamaa, joto linafuata. Joto mara nyingi si dalili ya kwanza, kwa hiyo usilisubiri. Simamisha dawa iliyoanzisha, oksijeni asilimia 100, dantrolini miligramu 2.5 kwa kilo kwenye mshipa na kurudia kadiri hali inavyodai. Dantrolini inafanya kazi hapohapo kwenye triadi, inapunguza kalsiamu inayotoka.

---

#10 mkaguzi_nyama

Wakuu, hilo la ATP kuachia ndiyo kiini cha kazi yetu machinjioni. Mnyama akishachinjwa, ATP inaisha, vichwa vya miosini vinabaki vimeshika aktini, nyama inakakamaa. Hilo ni la kawaida. Ila kuna kosa la baridi ambalo wenye vyumba vya baridi wanalifanya sana.

Nyama ya ng'ombe au mbuzi ikishushwa chini ya nyuzi joto 10 mapema, kabla haijakakamaa na pH ikiwa bado juu ya 6, retikulamu haiwezi kuishika kalsiamu kwenye baridi hiyo. Kalsiamu inavuja huku ATP bado ipo, na nyuzi zinajikunja kwa nguvu. Sakomia inafupika mpaka filamenti nene zinaigonga diski Z, yaani karibu na ile 1.6 ya mkuu au chini yake. Nyama hiyo ni ngumu hata ukaichemsha saa tatu. Nyama nyekundu huathirika zaidi kuliko nyeupe, na mzoga mdogo wa mbuzi usio na mafuta hupoa haraka, ndiyo maana uko hatarini.

Dawa yake: acha mzoga kwenye 12 hadi 15 mpaka ukakamavu uingie, ndipo ushushe. Au tundika kwa mfupa wa nyonga badala ya kano ya kisigino, misuli mingi ya paja la nyuma na kiuno inavutwa na sakomia haziwezi kufupika. Ulaini unaokuja baada ya siku kadhaa unatokana na vimeng'enya aina ya kalpaini kukata titini, nebulini na desmini (protini zinazoshikilia muundo wa sakomia) karibu na Z. Miosini na aktini zenyewe hazikatwi sana.

---

#11 mwanafunzi_mwaka2

Asanteni sana. Nimefunga kiwambo na mistari imeonekana. Swali la pili: titini na nebulini ziko wapi hasa? Na aina za nyuzi, je, zinatambulika kwenye slaidi ya kawaida?

---

#12 Kioo_na_Rangi

Titini moja inaanzia Z na kufika M, yaani nusu sakomia, zaidi ya mikromita 1 kwa molekuli moja. Uzito wake ni zaidi ya daltoni milioni 3, ndiyo protini kubwa kuliko zote zinazojulikana kwa binadamu. Sehemu yake iliyo kwenye bendi I inanyumbuka, ndiyo inayorudisha msuli uliovutwa na kuiweka filamenti nene katikati. Nebulini imelala kando ya aktini na inahusika na urefu wake.

Aina za nyuzi (I za polepole, II za haraka): kwa eosini hapana. Unaweza kubahatisha, lakini usiandike kwenye ripoti. Unahitaji kipande kilichogandishwa na rangi ya vimeng'enya, na hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika. Formalini inaua vimeng'enya, kwa hiyo sampuli isiguse formalini.

Sampuli iletwe ikiwa imefungwa kwenye shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi na kukamuliwa, ndani ya chombo kilichofungwa, juu ya barafu bila kugusana nayo. Ikielea majini, maji yanaingia na yataganda. Igandishe kwenye isopenteni iliyopozwa na naitrojeni ya kimiminika mpaka punje nyeupe zianze kutokea chini ya kikombe, karibu nyuzi 160 chini ya sifuri. Sekunde 10 hadi 20 zinatosha kwa kipande cha nusu sentimita. Usikitupe moja kwa moja kwenye naitrojeni: inachemka inapokigusa, mvuke unakizingira, kinapoa polepole, na punje za barafu zinatoboa nyuzi. Matundu hayo wengine wameyaita ugonjwa. Kata mikromita 8 hadi 10 kwenye krayostati (mashine ya kukatia vipande vilivyogandishwa) ya −20 hadi −25.

Kwa rangi ya ATPase (kimeng'enya kinachovunja ATP):

- pH 9.4: aina ya I hafifu, zote za II nyeusi
- pH 4.6: I nyeusi, IIA hafifu, IIX kati
- pH 4.3: I nyeusi, zote za II hafifu

pH ikiyumba hata 0.1 picha inabadilika, kwa hiyo pima siku hiyohiyo na uweke slaidi ya kulinganishia. IIX ya binadamu ndiyo iliyokuwa ikiitwa IIB kwenye vitabu vya zamani.

Kwenye hadubini ya elektroni kuna dalili nyingine: uzi wa I una Z nene na mitokondria nyingi, IIX ina Z nyembamba na mitokondria chache.

---

#13 nusu_mikroni

Kabla viini havijasahaulika: kwa mtu mzima, nyuzi zenye kiini katikati zikizidi asilimia 3 hivi, jiulize. Huenda ni uzi unaojijenga upya baada ya kuumia, au ugonjwa. Ila sehemu iliyo karibu na kano huwa na viini vya katikati kwa kawaida, usihesabu hapo. Na si kila kiini cha pembeni ni cha uzi wenyewe: seli satelaiti, alizozieleza Mauro mwaka 1961, zimejibana kati ya sakolema na lamina ya msingi. Kwa eosini huwezi kuzitofautisha kwa uhakika.

---

#14 mwanafunzi_mwaka2

La mwisho. Tukipewa picha ya elektroni iliyokatwa kwa kukingama, vidoto tu, tunajuaje ni bendi gani?

---

#15 polaraizi

Tazama ukubwa na mpangilio wa vidoto.

Vidoto vidogo peke yake: bendi I. Vikubwa peke yake, havijaungana: H. Vikubwa vilivyounganishwa na vijistari vyembamba: M. Vyote viwili pamoja: sehemu ya bendi A ambapo filamenti zimepishana, na hapo kila kikubwa kimezungukwa na vidogo 6, kila kidogo kimezungukwa na vikubwa 3. Kwa jumla vidogo ni mara mbili ya vikubwa. Mtandao wa miraba ni Z.

Picha moja inaweza kuwa na bendi mbili au tatu kwa wakati mmoja, kwa sababu miofibrili jirani hazilingani sawasawa na kisu hakipiti wima kamili. Kwa hiyo jibu miofibrili kwa miofibrili, usijibu picha nzima.